Shavu la Mpiga Tarumbeta

Dorkasi aliolewa na mwanamume mwenye mdomo. Si mdomo wa maneno, la. Kwa maneno Nikodemo alikuwa bahili, mngeweza kulima naye shamba zima asiseme zaidi ya "tupumzike". Mdomo wake ulikuwa wa tarumbeta. Akiliweka midomoni akavuta pumzi, ng'ombe wa ng'ambo ya bonde waliacha kucheua wakainua vichwa. Wanawake wenzake pale Kwemkuyu, kijiji kilicho juu ya mashamba ya chai ya Mponde, walikuwa wakimtania Dorkasi, "Wewe hukuposwa, ulipulizwa tu ukaja."

"Nami nikaja mbio," alikuwa akiwajibu. "Ninyi mlioposwa kwa debe la pombe ya miwa, mbona mlitambaa?"

Siku ya Nikodemo ilikuwa Pasaka. Kwa Walutheri wa kule desturi ilikuwa hivi: alfajiri ya Pasaka watu wote huenda makaburini, ukungu ungali umelalia misalaba, na kabla mchungaji hajafungua kinywa, matarumbeta hupiga wimbo wa ufufuko. Wazee walisema wimbo huo wa kwanza si wa walio hai. Ni wa waliolala, wausikie wao kabla yetu. Na mtu akishapiga sauti ya kwanza mbele ya makaburi, hiyo ni sauti yake mpaka afe. Haigawanywi, haiazimwi. Nikodemo aliirithi kwa mwalimu wake, ambaye sasa naye alikuwa miongoni mwa wasikilizaji wa chini.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa vijiji. Watu waliokuwa wametawanyika mabondeni walipandishwa mgongoni mwa kilima, nyumba zikapangwa mstari kama madawati, na shamba la ujamaa la maharage likafunguliwa. Asubuhi watu waliitwa kazini kwa kugonga rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Kisha mnyororo ukakatika. Rimu ikaanguka, ikajisimamisha yenyewe, ikateremka mlima kwa miruko mpaka katikati ya chai, na hakupatikana mwananchi hata mmoja aliye tayari kuipandisha.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji, Mathayo, alipokuja nyumbani kwa Nikodemo.

"Ndugu Nikodemo," alisema, "taifa linakuhitaji."

"Taifa au maharage?" Dorkasi aliuliza kutoka jikoni.

"Mama Esta, maharage ndiyo taifa lenyewe."

Nikodemo alicheka, akakubali kuwaita watu kazini kwa tarumbeta. Mzee wa kanisa aliyekuwa mlezi wa matarumbeta, Mzee Kornelio, hakuulizwa, maana alikuwa amekwenda Lushoto mkutanoni. Jioni hiyo Nikodemo aling'arisha tarumbeta kwa namna yake ya siku zote: majivu yaliyochekechwa na ganda la ndizi mbivu, akasugua mpaka ukijitazama unaona meno yako. Asubuhi akapanda juu ya kisiki, pale mahali pa juu kabisa, chini ya mkuyu ambao baba yake, Mzee Sefania, alikuwa ametundika mizinga yake ya nyuki.

Sasa, hakuna mtoto wa milima ile asiyejua kwamba ukila ndizi mbivu usisogelee mzinga. Harufu yake huwatia nyuki wazimu, wakadhani mwenzao anapiga yowe la vita. Nikodemo alilijua hilo vizuri, na ndizi hakula. Alikuwa amelipaka tarumbeta tu. Kwamba chombo nacho kinaweza kunuka kama mtu aliyekula, hilo halikumjia yeye wala mtu mwingine.

Alipuliza mara moja. Alipopuliza mara ya pili, mkuyu wote ukavuma.

Dorkasi aliyaona kutoka mlangoni. Mumewe angetupa tarumbeta akakimbia, angeumwa kidogo tu. Hakulitupa. Alilikumbatia upande wa kulia, akawaachia nyuki uso wa kushoto, kama mtu anayemkinga mtoto na mvua, akateremka hivyo hivyo akijikwaa. Dorkasi akachovya blanketi kwenye pipa la maji, akamkimbilia, akamfunika yeye na tarumbeta lake, akamvuta mpaka jikoni kwenye moshi. Mzee Sefania alipofika na kisu chake, Dorkasi akatoka nje kumpisha mkwewe kama inavyopasa. Alimsikia mzee akikwangua miiba shingoni, shavuni, nyuma ya sikio, huku akinung'unika, "Mgoshi, mwanamume mzima, unanuka kama mkungu wa ndizi!"

Nikodemo alivimba, akatapika, akatetemeka. Kisha uvimbe ukashuka, akarudi shambani, watu wakamcheka wakachoka. Ikaonekana yamekwisha.

Juma lililofuata, wakinywa chai asubuhi, Dorkasi aliona chai inatiririka kwenye shati la mumewe.

"Kikombe kimetoboka," alisema, akakichukua, akakigeuza. Hakikuwa na tundu. Alipomtazama mumewe usoni ndipo alipoona tatizo liko wapi. Upande wa kushoto ulikuwa umelala. Shavu limening'inia, kona ya mdomo imeshuka, jicho limekodoka halifumbi. Nikodemo akatabasamu ili kumtuliza mkewe. Nusu moja ya uso ikatabasamu, nusu nyingine ikabaki inamtazama tu.

"Tabasamu tena," Dorkasi alisema.

Ikawa vile vile.

"Vaa viatu. Tunateremka hospitali."

Kule hospitali bwana mganga hakuwa na haraka. Alimwambia Nikodemo akunje paji la uso. Upande wa kulia ukakunjika, wa kushoto ukabaki laini kama wa mtoto mchanga. Akamwambia ajaze hewa mashavuni. Hewa ikatoroka kushoto kwa mlio ambao siku nyingine ungewachekesha wote watatu. Akampa mikono aibane, akamtembeza chumbani, akamsemesha.

"Mikono ina nguvu, miguu ina nguvu," alisema. "Ubongo haukuguswa. Ulioumia ni mshipa wa fahamu, ule unaoendesha uso. Unapita kwenye njia nyembamba ndani ya mfupa, nyuma ya sikio. Huenda ni sumu ya nyuki, huenda ni mwili wenyewe katika kupambana na sumu. Vyovyote vile mshipa umevimba, na mle ndani hakuna nafasi ya kuvimba. Umebanwa."

"Utaachiliwa?" Dorkasi aliuliza.

"Mara nyingi huachiliwa, kwa majuma au miezi. Mara nyingine inabaki kasoro. Jicho ndilo la kulinda sana: lioshwe, lisikauke, akilala lifungwe kwa kitambaa safi. Dawa hizi azimalize. Na mizinga aikimbie. Wakimuuma tena, mwili unaweza kulipokea vibaya kuliko hivi."

"Na Pasaka atapuliza?"

"Mama, hilo sikuahidi. Kula atakula, kusema atasema. Kupuliza, sijui."

"Haya, bwana mganga, wewe umefanya ya kwako," Dorkasi alisema, akizifunga dawa kwenye pindo la khanga. "Hiyo ya kupuliza niachie mimi."

Nikodemo alimtazama mkewe kwa jicho lake zima, kama anayetaka kuuliza utafanyaje. Dorkasi mwenyewe hakujua bado. Lakini alikuwa amelea watoto, amelea ndama aliyezaliwa miguu imepinda, na alijua jambo moja: kiungo kilicholala hakiamshwi kwa kukililia.

Kijijini maneno yaliwatangulia. Mtoni, kanisani, kwenye foleni ya kupimisha majani ya chai, ilisemwa kwamba tarumbeta la kuwaamshia wafu lilitumika kuwaamshia wavivu, na Mungu ametoa kofi. Mzee Kornelio aliporudi kutoka Lushoto alikwenda nyumbani kwao moja kwa moja. Alikuwa mtu mwembamba, mnyoofu, anayekaa kwenye kigoda kama yuko kanisani.

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe. Shikamoo, mzee," Dorkasi alisema.

"Marahaba. Nikodemo, nimesikia ulilitoa tarumbeta la usharika likaite watu kulima."

Nikodemo akainamisha kichwa. Maneno yake siku zile yalitoka yamelowana, akaona heri anyamaze.

"Aliombwa na kijiji," Dorkasi alisema. "Na hicho kijiji ndicho kinachokalia viti vyako vya kanisa, mzee."

"Sikuja kuhukumu, Mama Esta. Wanaosema ni pigo la Mungu hawasomi. Katika Maandiko Mungu alituma mavu. Nyuki sijaona." Akakohoa. "Nimekuja kwa ajili ya Pasaka. Mbele ya makaburi hatupigi nusu wimbo. Mwenzake Januari anaijua sauti ya pili tu, na wale wa besi ni wa besi. Nikodemo asipotoa sauti, nitamwita yule mpigaji wa usharika wa Bungu. Na desturi mnaijua. Akishasimama pale yeye, sauti ya kwanza imekwenda."

"Mpaka afe," Dorkasi alisema.

"Mpaka afe. Naye ni kijana mwenye afya."

Alipoondoka, Nikodemo alilifunga tarumbeta kwenye kitambaa chake, akaliweka juu ya dari. Kama alilia, haikujulikana, kwa sababu jicho la kushoto lilikuwa linachuruzika siku zote.

"Lishushe," Dorkasi alisema. "Dari lina panya. Na kuanzia kesho moto utauwasha wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kwani hapa ndani mwenye sifa ya kupuliza ni nani?"

Kuni za masika hazina huruma. Zimelowa mpaka moyoni, na kaa la jana lazima ulibembeleze mpaka lishike. Asubuhi ya kwanza Nikodemo alipiga magoti mbele ya mafiga, akavuta pumzi, akapuliza; pumzi ikatokea pembeni, majivu yakamrukia sikioni mwake mwenyewe. Akapuliza tena. Dorkasi alikaa kando, mikono mapajani. Angeweza kuuwasha moto ule kwa pumzi mbili. Hakuuwasha. Siku hiyo uji uliiva wakati watu wanarudi kutoka shambani, na Dorkasi akaunywa akausifu.

Ikawa ndiyo kazi yao. Asubuhi moto. Mchana, wakipumzika kwenye mistari ya maharage, Dorkasi alimkatia bua la jani la boga, lile lenye tundu katikati, akamwambia alipulize lilie, kama wanavyofanya watoto. Watu walicheka. "Nikodemo ameshushwa darasa!" walipiga kelele. "Kutoka shaba mpaka boga!"

"Akimaliza boga tunampa figili," Dorkasi aliwajibu, "kisha tunampa ninyi awapulize."

Jioni alipasha viganja vyake motoni, akayasugua mashavu yale mawili, lililo hai na lililolala, kwa utaratibu mmoja, ili lililolala lisijione limetengwa. Kisha akamfunga jicho kwa kitambaa. Siku nyingine hapakuwa na badiliko lolote, na siku iliyofuata pia. Dorkasi hakuwa na shaka. Mtu hafukui mbegu kila asubuhi kuangalia kama imeota.

Kope ndiyo iliyorudi kwanza. Siku moja ilishuka nusu, siku nyingine ikagusa chini. Kisha paji la uso likapata mkunjo mmoja mwembamba, na Dorkasi akaufurahia mkunjo huo kuliko msichana anavyofurahia shanga. Maneno yakakauka. Lakini kona ya mdomo ilikuwa mvivu. Ilipofika Jumapili ya Mitende, Nikodemo aliweza kutabasamu mdomo ukikaribia kunyooka, ila akipuliza kwa nguvu kona ile iliachia kama mshono mbovu, na tarumbeta likatoa hewa tupu.

Jumatatu yake, jikoni, alikuwa akipuliza moto nao unakataa. Dorkasi alikuwa akimenya viazi karibu naye. Aliisikia ile hewa ikitoroka fsss, akanyoosha mkono bila kufikiri, akaweka kidole gumba kwenye kona ya mdomo wa mumewe, kama mtu anavyoziba ufa wa chungu. Kaa likapiga wekundu, moto ukashika kuni zote kwa mkupuo.

Wakatazamana.

"Lete tarumbeta," Dorkasi alisema.

Kwa kidole kile, sauti ilitoka. Mwanzoni ilitetemeka, kisha ikanyooka, na kabla ya mchana ilikuwa ile ile, ya kuinua vichwa vya ng'ombe. Bila kidole ikawa pumzi. Nikodemo hakuweza kujiziba mwenyewe, maana mkono wa kushoto hushika tarumbeta na wa kulia hubonyeza. Walijaribu plasta kutoka zahanati. Ikalowa mate ikabanduka. Walijaribu kufunga taya kwa kitambaa, akaonekana kama maiti anayetayarishwa, wakaacha. Ni kidole tu kilichokubali, na kidole hicho kilikuwa kimejua mahali pake.

Jumamosi Mzee Kornelio alipita njiani akausikia wimbo wote kutoka ndani ya nyumba. Hakuingia. Alisimama nje ya ua mpaka mwisho, akasema kwa sauti, "Nimesikia! Wa Bungu simwiti. Kesho tuonane mstarini."

Nyayo zake zilipopotea, Nikodemo aliketi chini.

"Amesikia," alisema. "Hakuona."

"Kesho ataona."

"Mama Esta, ataona nini? Mwanamke kwenye mstari wa matarumbeta? Na baba atakuwa pale! Unishike uso mbele ya baba?" Hilo lilikuwa zito kuliko lote. Mke mwenye heshima hamgusi mumewe mbele ya mkwewe, hata kumfuta jasho. "Afadhali nimpigie hodi Kornelio sasa hivi nimwambie sauti imekwenda."

"Nenda," Dorkasi alisema. "Mwambie pia kwamba umeikabidhi kwa mtu wa Bungu kwa sababu ya haya. Wale waliolala kule, mwalimu wako akiwemo, watakuelewa. Wao hawana haya tena."

Nikodemo hakwenda. Lakini pia hakusema atakubali. Alisema kwamba huenda Mungu akaisaidia kona ile kufikia asubuhi, wakaachia hapo.

Makaburini kulikuwa na baridi ya kupasua midomo. Wanawake na kwaya walisimama upande wa chini, wanaume upande wa juu, na mstari wa matarumbeta katikati ya misalaba. Mzee Sefania alikuwa karibu kabisa, nyuma ya kaburi la mama yake, kofia mkononi. Mchungaji aliinamisha kichwa. Kornelio akainua mkono, akaushusha.

Januari na wale wa besi waliingia sawasawa. Juu yao, mahali ambapo wimbo unakaa, palitoka sauti kama ya mbuzi anayekohoa. Kisha hewa. Wenzake wakanyamaza mmoja mmoja. Mtu fulani kwenye kwaya alicheka puani, akachapwa kiwiko. Nikodemo alijaribu tena, uso ukimwiva kwa nguvu, kona ya kushoto ikiachia mate. Kornelio alimtazama, akaelewa, na huzuni ikampanda usoni. Akamsogelea taratibu, akanyoosha mkono wake kulipokea tarumbeta.

Dorkasi alikuwa ameshaanza kupanda. Hakukimbia. Alipita kati ya makaburi akiwa ameshika khanga isiburuze kwenye umande, wanawake wakimnong'oneza, "Dorkasi, unakwenda wapi? Dorkasi!" Alipofika kwa mkwewe alisimama, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Mzee Sefania alimtazama yeye, akamtazama mwanawe na lile tarumbeta, akautazama ule mkono wa Kornelio uliokuwa unangoja hewani. Alikuwa mtu wa nyuki. Alijua kazi nyingine hazifanyiki bila kugusa.

"Marahaba, mwanangu," alisema. Kisha akavaa kofia yake, akageuka, akawapa mgongo wote wawili, akaukazia macho msalaba wa mama yake kana kwamba hajawahi kuusoma.

Dorkasi akainuka. Akaenda akasimama mkono wa kushoto wa mumewe, ndani ya mstari wa wanaume. Alipogusa shavu lake lilikuwa la baridi, nalo likashtuka kidogo chini ya kidole. Lilishtuka lenyewe! Majuma yaliyopita lisingeshtuka. Akaitafuta ile kona, akaiziba.

"Puliza, baba Esta."

Sauti ya kwanza ikapanda. Ilianzia chini, ikapita juu ya misalaba, ikapita juu ya vichwa vya kwaya, ikaingia kwenye ukungu wa bonde la Mponde, na vilima vikaipokezana. Januari alisahau kuingia, akakumbuka, akaingia. Besi zikafuata. Dorkasi hakumtazama mtu. Alihisi pumzi ya mumewe ikigonga ndani ya kidole chake kama kifaranga kwenye yai, na kila ilipogonga alikaza kidogo, wala si sana, kiasi kile kile cha jikoni. Mkono ulianza kumuuma begani. Mate yalimshuka mpaka kwenye kiwiko. Hakuutoa.

Ubeti ukaisha. Watu wote waliona vizuri sasa: mwanamke amesimama mahali pasipo pake, kidole kwenye mdomo wa mume wake, mbele za Mungu, za mchungaji na za mkwewe. Dorkasi aligeuza macho tu, akamtazama Mzee Kornelio, asiteremshe mkono.

Kornelio alikuwa bado amenyoosha mkono wake. Akautazama kama mtu anayeshangaa umefikaje pale. Akaurudisha, akaupandisha juu pale unapokaa mkono wa kuongozea wimbo.

"Ubeti wa pili," alisema.